Fumbo Lilitungwa Lifike

Wenzangu wa kalamu, leo nakuja kuwachokoza. Kuna mtindo umeingia kwetu na nyinyi mnaupigia makofi.

Kijana ameachwa. Hataki kuamini kwamba ameachwa. Anamwandama dada wa watu kwa ujumbe usiku na mchana mpaka dada anakwenda mahakamani, na hakimu anatoa amri: usimwandikie, usimwandike. Wiki haijaisha, bwana mshairi anabandika mtandaoni beti kumi na mbili. Jina hakutaja, ng'o! Ametaja rangi ya lango la kwao, kibanda cha mboga cha mamake na kovu la shavuni. Sisi huku tunashangilia, ati mahakama haiwezi kumziba mshairi mdomo.

Mimi sishangilii. Shairi hilo liliponijia tulichape nililirudisha, nikaitwa askari kanzu wa fasihi. Sawa tu.

Hii hoja ya "sikutaja jina" ni ya kitoto, tena inatoka kwa watu wanaojidai kuijua lugha hii. Kanga ina jina la nani? Lakini mama akiivaa na kupita mara mbili mbele ya mlango wa jirani, jirani kesha soma. Kwenye taarabu mtu anainuka kwenda kutunza, noti mkononi, jicho liko kwa hasimu wake, na ukumbi mzima unajua nani kapigwa. Fumbo lilitungwa lifike. Tena mwenye kupigwa kwa mpasho ana zamu yake, wiki ijayo naye atainuka na noti zake. Huyu dada hakutaka zamu. Alitaka kuachwa. Akijibu hata neno moja, kijana amepata alichokuwa akikitafuta tangu mwanzo.

Sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu makosa ya kompyuta na mtandao iliyaona haya. Kifungu cha 27 kinasema juu ya kuwasiliana na mtu moja kwa moja au kwa kuzunguka, na hata na mtu anayemjua. Anayesumbuliwa anaweza kuomba amri ya kumzuia msumbufu. Kuivunja amri ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au jela isiyozidi miezi 6, au vyote viwili. Na kifungu kinamgusa atendaye peke yake au na wenzake, kwa hiyo nyinyi mnaosambaza na kuongeza vikaragosi vya kucheka, msicheke sana.

Najua mtakalosema: sheria hiyo hiyo mheshimiwa anaweza kuitumia kumnyamazisha anayemuuliza pesa za barabara zilikwenda wapi. Kweli kabisa. Maneno yake mengine ni mapana kama wavu wa dagaa, na hapo tutapigana pamoja. Lakini tazameni wanaopigana wanavyopigana. Geoffrey Andare alishtakiwa kwa maneno aliyoyaweka Facebook. Akaenda Mahakama Kuu kukipinga kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, na Aprili 2016 kikatupwa. Yeye alikabana na Serikali. Mshairi wetu anakabana na binti wa muuza mboga. Kama anaona amri imemwonea, mlango wa mahakama uko wazi: aende aombe ibadilishwe au iondolewe, aseme hoja zake mbele ya hakimu. Hajaenda. Huko hakuna wa kumpigia makofi.

Tena jamani, yule dada naye anaandika. Hadithi fupi, nzuri. Alikuwa akija vikao vyetu vya Jumamosi, akikaa pale karibu na dirisha. Tangu apewe amri ya kumlinda hajakanyaga tena. Aliyezuiwa ndiye anayekuja mapema, anakaa mbele. Na nimeona orodha ya wasomaji wa Jumamosi hii: jina lake ni la kwanza. Nani ameliandika?