Marashi hayasafishi kiyoyozi cha gari



Mtoto wa madrasa wa miaka minane ukimuuliza nguo iliyoingia mkojo inatwahirishwaje, atakujibu bila kusita kuwa inaoshwa kwa maji mpaka iondoke najisi yenyewe, na rangi yake, na ladha yake, na harufu yake. Hawezi kukujibu kuwa inapuliziwa uturi. Hata ukiimwagia chupa nzima ya uturi wa bei mbaya ulioletwa kutoka Dubai, nguo ile bado ni ya kufuliwa. Hilo sote tunalifahamu wala hatubishani. La ajabu ni kuwa mtu huyo huyo, akiingia kwenye gari lake akawasha kiyoyozi kikamtolea harufu ya taulo bichi lililosahauliwa kwenye ndoo, anakwenda dukani kununua kile kimti cha harufu cha kuning'iniza kwenye kioo. Wiki ya pili ananunua cha pili. Mwezi ukiisha gari lina vimti vitatu, na uvundo uko pale pale, ila sasa umechanganyika na harufu ya ndimu.

Sisemi uvundo wa kiyoyozi ni najisi, maana nawajua wasomaji wangu, watakuja kuniuliza kama wanaweza kuswali na kanzu waliyoipandia gari. Kanzu yako iko salama na swala yako haina tatizo. Ninachosema ni kuwa mwendo wa kusafisha ni ule ule tuliofundishwa: kwanza uondoe kilicholeta harufu, ndipo ujitie manukato. Sisi katika magari tumegeuza, tumeanza na manukato na uchafu tumeuacha ndani.

Uvundo unatoka wapi

Nyuma ya dashibodi, mahali usipopaona, kuna kifaa kinachofanana na rejeta ndogo. Mafundi wanakiita evaporeta. Ndani yake inapita gesi ya baridi, na kwa nje kina mapezi membamba ya alminiamu yaliyosongamana. Feni inaisukuma hewa ipite katikati ya mapezi hayo, nayo inakutokea usoni ikiwa baridi.

Sasa chukua glasi ya maji ya barafu uiweke mezani mchana wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Baada ya dakika chache glasi inatoka jasho kwa nje. Maji yale hayakupenya kutoka ndani ya glasi, ni unyevu wa hewani uliogeuka matone baada ya kugusa baridi. Evaporeta nayo inatoka jasho hivyo hivyo, tena kwa wingi, na maji yake yanateremka kwenye kibakuli na kutoka kwa mpira mdogo chini ya gari. Ndiyo yale matone unayoyaona umeegesha gari msikitini ukadhani rejeta inavuja. Si rejeta, ni unyevu wa hewa tu, kama umande.

Wala kutoa maji si kasoro ya chombo hiki. Mmarekani Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902, hakuwa anatafuta ubaridi wa kulalia. Kulikuwa na kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, ambacho karatasi zake zilikuwa zikitanuka na kunywea kwa sababu ya unyevu, rangi zikawa hazikai mahali pake. Kwa hiyo kukausha hewa ni kazi ya asili ya kiyoyozi, na sisi watu wa pwani, ambao hewa yetu imejaa maji mwaka mzima, tunakipa kazi kubwa kuliko watu wa nchi kavu.

Tatizo linaanza unapozima gari. Mapezi yanabaki yamelowa, gizani, na joto linarudi. Juu yake pameganda vumbi la barabarani, nyuzi za nguo, nywele, na moshi wa sigara kama yumo mvutaji. Unyevu, giza, joto na chakula: ukungu na bakteria hawahitaji zaidi ya hapo. Asubuhi ukiwasha, upepo wa kwanza unakuletea walichokitengeneza usiku kucha. Wako watu wanaosema gari lina jini. Jini huyo ana jina, anaitwa ukungu.

Pua ya mwenye gari

Utaniambia, mbona mimi baada ya dakika chache siisikii tena hiyo harufu? Ni kweli huisikii, lakini haijaondoka. Pua imeumbwa ikizoea harufu inaacha kuitangaza. Ndiyo maana mwenye gari ndiye shahidi dhaifu kuliko wote. Mgeni wako aliyepanda kwenda mazikoni ameisikia, ila kwa adabu yake anafungua kioo akisema anapenda upepo. Mkeo ameisikia siku nyingi. Mtume (S.A.W) alimzuia aliyekula kitunguu swaumu asiusogelee msikiti, ili wenzake wasipate adha ya harufu yake. Kitunguu ni chakula cha halali kabisa, lakini haki ya wale wanaokaa karibu nawe ililindwa. Basi mwombe mtu asiyelipanda gari lako kila siku aingie asubuhi, uwashe kiyoyozi mbele yake, akwambie ukweli.

Lakini haya ya adabu ni madogo. Linalonifanya niandike ni mtoto mwenye pumu.

Mtu mzima mwenye mapafu mazima atapiga chafya mbili yakaisha. Katika nyumba zetu nyingi, hata hivyo, yumo mmoja ambaye kifua kinabana kwa vumbi, kwa baridi au kwa ukungu. Mtoto huyo tunamfungia kwenye gari vioo vyote vimepandishwa, tunawasha kiyoyozi mpaka mwisho, na upepo ule wa kwanza, ndio mchafu kuliko wote, anaupokea yeye njiani kwenda shule. Akianza kukohoa, baba anapuliza manukato ya kopo ili harufu itulie. Ndugu yangu, kwa mwenye pumu manukato makali nayo yanaweza kuamsha kifua. Umemwondolea nini? Umemwongezea la pili juu ya la kwanza.

Mama, ikiwa mtoto anakohoa ndani ya gari na akishuka anatulia, usiyapuuze hayo, mweleze daktari. Dawa yake ya kuvuta aendelee nayo kama alivyoandikiwa. Na kuanzia kesho asubuhi, kabla hajapanda, fungueni milango, muwashe feni kwa nguvu dakika mbili tatu, upepo wa kwanza uende zake nje.

Naftalini, jiki na udi

Kuna tabia moja inanitisha. Baadhi ya watu wanaweka vile vidonge vyeupe vya kabatini, naftalini, chini ya kiti au kwenye matundu ya upepo, wakisema vinakata harufu. Mvuke wa naftalini ndani ya gari lililofungwa si kitu cha kumpa binadamu avute, na kwa baadhi ya watoto ni hatari kubwa. Wapo watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huu umeenea katika nchi zenye malaria, pwani yetu ikiwemo, na wengi walio nao hawajui mpaka siku damu ipate mtihani. Naftalini inaweza kuzipasua chembe nyekundu za damu za mtoto kama huyo, macho yakageuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, akaishiwa nguvu. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali, na daktari aambiwe kuwa kulikuwa na naftalini. Kama unavyo garini vitoe leo. Tena wadogo huviona kama pipi.

Jiki nayo isiingie kwenye kiyoyozi. Inakula alminiamu, na mvuke wake mtaurudisha vifuani mwenu kila mkiwasha. Wanaochanganya jiki na siki au na dawa ya choo ili ipate nguvu wanatengeneza gesi ya klorini, ambayo iliwahi kutumiwa vitani kuua watu. Ama udi, simpingi mtu udi wake, lakini makaa ya moto ndani ya gari ni kuutafuta moto, na moshi wenyewe unakwenda kuganda juu ya yale mapezi.

Kinachosafisha hasa

Anza na filta. Magari mengi, zikiwemo Toyota nyingi tunazoagiza Japani, yana filta ya hewa ya ndani nyuma ya lile droo la mbele ya abiria. Droo linachomolewa kwa mkono, unavuta kifuniko, filta inatoka. Wako watu wamemiliki gari miaka sita na hawajui kuwa kitu hicho kipo. Ukiitoa ukakuta imekuwa nyeusi, ina majani, mabawa ya mende na wakati mwingine kiota cha panya, utaelewa ulikuwa unavuta nini. Filta ya karatasi haifuliwi, inabadilishwa. Ukiifua inalegea na haikauki vizuri, na hapo umeuotesha ukungu mwingine. Kwa vumbi letu usiivushe mwaka. Unapoweka mpya angalia mshale uliochorwa pembeni, ndio unaoonyesha upande hewa inakopita.

Kisha tazama chini ya kioo cha mbele, pale wanapokaa waipa. Ukiegesha chini ya mwembe au mwarobaini, majani yanaingia mle na kuoza, na hewa ya gari inavutwa kutokea hapo hapo. Yaondoe kwa mkono.

Halafu ule mpira wa maji. Siku ya joto, kiyoyozi kikiwa kimefanya kazi dakika kumi na tano, gari linatakiwa lidondoshe maji chini. Kama halidondoshi na zulia la miguuni kwa abiria limelowa, mpira umeziba na maji yanarudi ndani. Fundi anauzibua kwa muda mfupi, lakini zulia lazima linyanyuliwe na likaushwe juani pamoja na sponji yake ya chini. Hapo wengi wanazembea, kisha wanalalamika harufu imerudi. Aidha, zulia hilo hilo ndilo linalokunywa maziwa ya mtoto na maji ya samaki wa Feri, kwa hiyo lichunguze kabla hujakilaumu kiyoyozi.

Ikibaki evaporeta yenyewe, lipo povu maalumu la kusafishia viyoyozi vya magari linalouzwa madukani. Linaingizwa kwa mrija kupitia mpira wa maji au sehemu ya filta, injini ikiwa imezimwa, linaachwa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, na uchafu unateremka chini nalo. Ukimaliza fungua milango yote uwashe feni mpaka kukauke, na watoto wakae mbali. Uchafu ukiwa umekuwa tabaka nene, povu halitoshi, dashibodi inafunguliwa na kifaa kinatolewa kikaoshwe. Hiyo ni kazi ya fundi wa viyoyozi na ina gharama, sikufichi.

Kuhusu mafundi, wapo waaminifu na wapo wanaosikia neno harufu wakajibu gesi imekwisha. Gesi ikipungua kiyoyozi hakipozi, hakileti uvundo wa ukungu. Ikiwa gari lako linapoza vizuri lakini linanuka, anayetaka kukujazia gesi muulize inahusiana nini na tatizo lako.

Baada ya kusafisha, ipo tabia moja isiyo na gharama. Dakika tatu hadi tano kabla hujafika nyumbani, zima kitufe cha AC lakini uache feni ikipuliza, na kile kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya picha ya gari ukitoe ili hewa ya nje iingie. Mapezi yanapata kukauka kabla hujazima injini. Utavumilia joto kidogo. Anayekwenda msikitini kila siku atazoea, akiuona mnara kwa mbali anazima.

Harufu ambazo si za ukungu

Yote niliyoyataja ni kwa harufu ya ubichi na uvundo. Harufu ya moshi wa ekzosi ndani ya gari ni jambo jingine. Fungua vioo, simama, na usiliendeshe tena gari limefungwa mpaka fundi aone unapoingilia, kwa sababu ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo yenyewe haina harufu wala rangi. Kwa sababu hiyo hiyo mtu asilale ndani ya gari linalonguruma kwa ajili ya ubaridi wa kiyoyozi, na zaidi likiwa ndani ya banda. Harufu ya utamu utamu, huku kioo cha mbele kikipata ukungu wenye mafuta, ni maji ya rejeta yenye dawa yanayovuja kwenye mitambo ya hita, na dawa hiyo ni sumu. Harufu ya petroli haingoji mwisho wa wiki. Gari likinuka petroli watoto washuke, mwenye sigara asisogee, na fundi aitwe alifuate pale pale lilipo.