Mutuuzie mutandao unaosimama, si alama ya 4G



Juma lililopita nilirekodi Kigonze sauti ya dakika ine: mama mumoja anatafuta watoto wake waliopotea wakati wa kukimbia. Nikaanza kuituma redioni nikiwa palepale. Simu ikaonyesha 4G, kisha 3G, tena 4G. Sauti ikafika nusu, ikakatika. Nikarudilia mara tano. Mega zikaisha, habari ya jioni ikapita bila yule mama. Nilipoita kampuni, wakaniambia: nunua forfe kubwa.

Hapana. Tusidanganywe.

Alama ya 4G inaeleza kitu kimoja tu: namna simu yako inaongea na antene. Haielezi njia ambayo antene yenyewe inatumia kupeleka ujumbe mbele. Kama njia ile ni nyembamba na kambi nzima inapita pale, hata ukinunua giga kumi, utabanana na jirani mwenye mega hamsini. Giga ni maji uliyolipia, haipanui robine.

Kitu cha pili ni mipangilio. Wahandisi wa kampuni ndio wanaamua 4G ikilegea kiasi gani simu ihamie 3G. Wakiipanga vibaya, simu inarukaruka kati ya mbili hizo, sauti inakatika, na betri inaisha haraka. Kwa mutu anayelipa ili kuchaji simu, hiyo ni hasara mara mbili.

Na tunachoomba ni kidogo sana. Sauti nzuri ya mutu kwenye simu inataka karibu kilobiti 12 kwa sekunde. Hata 2G inaibeba. Yule mama haombi filamu. Anaomba simu isikatike siku mutoto atakapopatikana.

Najua watajibu: vita, barabara mbaya, mafuta ya jenereta. Kwa mafuta na kwa kujenga antene mpya, ni kweli. Lakini kurekebisha mipangilio ya antene iliyopo hakuhitaji lori wala askari. Mara nyingi muhandisi anaifanya akiwa amekaa ofisini, mbele ya kompyuta.

Na ARPTC iko wapi? Mwaka 2020 walijua njia ya kutukata pesa ya RAM ndani ya simu zetu, mpaka RAM ikafutwa mwaka 2022. Mwenye alijua kuhesabu simu zetu, anashindwaje kupima mutandao wa Kigonze? Aje apime saa moja ya usiku, wakati kila mutu yuko kwenye simu, na matokeo yasomwe redioni kwa lugha tunayoisikia.

Tukiwangoja, fanya hivi: ingia kwenye mipangilio ya simu yako, tafuta aina ya mutandao. Kama 4G inarukaruka, chagua 3G. Kama unataka kupiga simu tu, 2G inatosha. Utapoteza mbio, lakini unaweza kupata utulivu, na betri itakushukuru.

Ila hiyo ni kutuliza maumivu, si kuponya. Anayekula pesa ya mutandao ndiye anapaswa kuutengeneza. Raia amekwisha lipa.