Pampu ya Kigango Ifunguliwe kwa Spana ya Kijijini

Ukizunguka vigango vya vijijini hutachelewa kukikuta: kisima chenye mfuniko wa zege, pampu ya chuma iliyopakwa rangi nzuri, kibao chenye jina la mfadhili, na akina mama wanaopita kando yake wakiwa na ndoo kichwani kuelekea mtoni. Pampu imekufa. Mara nyingi haikufa kwa ugonjwa mkubwa. Kinachokosekana ni kipira kimoja cha ndani ambacho duka la karibu halina, na aliyekuja kuifunga aliondoka na spana zake.

Hoja yangu ni moja, na najua baadhi ya waseminari wenzangu hawataipenda. Parokia isipokee pampu ambayo hakuna mwanakijiji anayeweza kuifungua na kuifunga, hata kama inatolewa bure. Na sisi tunaojiandaa kutumwa huko tutumie sehemu ya saa zetu za kazi za mikono kujifunza kuunda na kutengeneza mashine, badala ya kufyeka majani mwaka mzima.

Tuchukue pampu ya kamba. Wakulima wa Nikaragua waliieneza tangu miaka ya 1980, na hapa kwetu wapo mafundi wa mkoani Njombe waliojifunza kuiunda. Haina siri. Bomba la plastiki linashuka kisimani hadi ndani ya maji. Kamba ya nailoni inaingia bombani kwa chini, inapanda, inatokeza juu, inapita kwenye gurudumu, kisha inarudi kisimani kwa nje ya bomba, ikiwa imeungwa ncha kwa ncha. Kila baada ya mita moja hivi kamba ina fundo, na juu ya fundo kuna kipande cha mpira cha duara kinachopita bombani kwa karibu sana bila kukwama. Ukizungusha gurudumu, kila kipande kinapanda na maji yaliyo juu yake. Gurudumu lenyewe ni kingo mbili za tairi kuukuu la gari zilizokatwa na kubanwa pamoja ili kamba isiteleze. Chini kabisa, kwenye zege, hufungwa chupa ya kioo ili kamba igeuke bila kusagika. Fundi wa kuchomelea anatosha kutengeneza fremu na mkono wa kuzungushia. Vipande vya mpira atakukatia fundi wa katambuga.

Hesabu yake pia ni ya darasani. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 25 hubeba karibu kilo 5 za maji kwa kila mita 10 za kina. Kisima cha mita 20 kitampa mzungushaji kilo 10 za kuinua, kazi ambayo hata bibi anaiweza kwa sababu ya mkono wa gurudumu. Weka bomba la milimita 40 kwenye kisima hichohicho ukidhani utapata maji mengi zaidi: kilo zinafika 25 na watoto hawatalisogeza gurudumu. Kadiri kisima kinavyozidi kina, bomba linapaswa kuwa jembamba. Nimewasikia watu wazima wakibisha jambo hili kwa ukali, na bomba halikuwajali.

Kuna jambo zito zaidi katika elimu hii, maana linagusa uhai. Watu wengi hununua pampu ndogo ya petroli, huiweka juu ya kisima cha mita 12, na hushangaa inanguruma bila kutoa maji. Husema ni feki. Si feki. Evangelista Torricelli, mwanafunzi wa mtawa Mbenediktini Benedetto Castelli, alieleza jambo hili katika miaka ya 1640: pampu haiyavuti maji. Hewa iliyo juu ya maji ndiyo inayoyasukuma bombani, na uzito wake, kwenye usawa wa bahari, unatosha kuyapandisha mita 10 na kidogo tu. Kwenye vilima vyetu vya mita 1,500 hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kikomo ni kama mita 8 na nusu, na kwa pampu ya kawaida yenye viungo vinavyovuja kidogo, mita 6 ni bahati. Pampu ya kamba haina kikomo hicho kwa sababu inayabeba maji kutoka chini.

Asiyejua hili hufanya nini? Huifunga ile pampu ya petroli kamba, huishusha kisimani ili iwe karibu na maji, kisha hushuka kuiwasha. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu wala rangi, na kisimani haina pa kutokea. Wa kwanza huanguka. Wa pili hushuka kumwokoa, naye huanguka. Fizikia tuliyoikariri kidato cha pili kwa ajili ya mtihani ingewaokoa watu hao, kama kungekuwa na mtu kigangoni wa kuwaeleza. Anaweza kuwa katekista. Anaweza kuwa frateri aliye katika mwaka wa kichungaji.

Kwenye magari nina msimamo mkali kidogo. Natambua wapo wapenzi wa kubadilisha injini: Land Rover ya zamani ya misioni inang'olewa injini yake iliyochoka na kufungwa ya Isuzu ya dizeli, bamba la kuunganishia gia boksi linachongwa, mauntingi zinachomelewa upya. Ni ufundi wa kweli, nao huifufua gari kwa gharama ndogo. Lakini injini mpya ikiwa nzito au ina nguvu zaidi, springi za mbele, klachi na breki zinapaswa kuangaliwa pia, na namba ya injini kwenye kadi ya gari ibadilishwe kisheria. Mara nyingi hela huishia kwenye injini, breki zinabaki zilezile, na Jumapili wanakwaya wanapakiwa nyuma kuteremka mlima. Pampu ikikosewa, maji hayatoki, basi. Ndiyo maana ningependa vijana waanzie kisimani.

Wapo watakaosema padre si fundi, na kwamba falsafa na teolojia zinatujaza ratiba tayari. Ratiba imejaa, ni kweli. Ila Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906 walijenga karakana pamoja na makanisa, na wazee wengi wa kusini walijifunza useremala na uhunzi kwao. Sisi tuliofuata tukajijengea wazo kwamba nyundo ni ya mabruda na kalisi ni ya mapadre. Sijui tulilitoa wapi, maana Injili ya Marko inamwita Bwana wetu seremala.

Sidai kwamba pampu ya kamba inafaa kila mahali. Zahanati yenye kisima kirefu cha mita 80 inahitaji pampu ya umeme wa jua na fundi aliyesomea. Kamba nayo huchakaa, na kisima kisipofunikwa vizuri uchafu wa mikono utaingia, kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Pampu hii itaharibika mara nyingi kuliko ile ya mfadhili. Tofauti ni kwamba ikiharibika asubuhi, kabla ya jua kuzama inafanya kazi.

Mfadhili akija, basi, Halmashauri ya Walei imwulize vipuri vinauzwa wapi, kwa bei gani, na nani hapa kijijini atafundishwa kabla hajaondoka. Asiye na jibu ashukuriwe kwa heshima na aombwe akalitafute. Kwa pampu ya kamba, mita 50 za kamba na mfuko wa vipande vya mpira vinaweza kukaa stoo ya kigango. Ufunguo akae nao mama anayechota maji kila siku. Asikae nao paroko, kwa sababu paroko huhamishwa.