Sinema Yetu Ni Kibanda Umiza

Kila baada ya muda mjadala uleule huzuka mjini: turudishe majumba ya sinema. Watu wa Dar es Salaam huyataja kwa majina kama wanaotaja marehemu: Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo, New Chox. Wa Unguja hutaja Majestic na Cine Afrique, wa Tanga Majestic yao, wa Moshi Plaza. Kisha mtu husema kwa huzuni kwamba siku hizi mitaa yetu haina sinema. Kauli hiyo si kweli. Wanaoitoa hupita mbele ya sinema kila jioni bila kuiona.

Iko pale nyuma ya genge. Kuta ni mabati na turubai, viti ni mabenchi ya mbao, mbele kuna televisheni moja au mbili na king'amuzi, na nje kuna ubao ulioandikwa kwa chaki kinachoonyeshwa leo na saa ngapi. Kiingilio katika mtaa ninakopanga ni shilingi 500, mechi kubwa ni 1,000. Panaitwa kibanda umiza, na jina lenyewe linakuonya kuhusu mbavu zako. Ninasoma shahada ya uzamili ya sanaa, na darasani tunalo neno zuri, "kituo cha sanaa cha jamii". Katika mihula miwili sijasikia mtu akilitumia kwa kibanda.

Tujiulize kwanza majumba ya zamani yalikuwa na nini. Royal ya Unguja ilijengwa mwaka 1921, ikaungua, na mahali pake pakafunguliwa Majestic mwaka 1955. Jengo zuri, bila shaka, lakini watu hawakwenda kutazama jengo. Wenye majumba hayo, wengi wao wafanyabiashara wa hapahapa wenye asili ya Kihindi, waliwajua wateja wao. Walijua filamu ipi ya Bombay itawaliza watu na ipi itawachosha. Walitenga maonyesho ya zanana ili wanawake waende bila kuchanganyika na wanaume. Tiketi za viti vya bei ya chini zilimwezesha kuli kuingia. Watu walitoka wakibishana, na ubishi ule uliendelea barazani hadi filamu nyingine ije. Hivyo ndivyo jumba la biashara lilivyogeuka kuwa mali ya mtaa.

Sasa pima kibanda kwa kipimo hicho. Mwenye kibanda anawajua wateja wake? Anawajua hadi wanaomdai na anaowadai. Bei inamruhusu mpiga debe? Ndiyo. Ubishi upo? Nenda ukasikilize.

Na sanaa je? Humo vibandani ndimo ilimostawi kazi ya watafsiri wa filamu. Derek Mukandala, anayejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, aliichukua filamu ya Hong Kong au Marekani akaisimulia upya kwa Kiswahili, akiongeza utani, mafumbo na majina ya mitaa yetu. Huo si ukalimani tu. Ni utambaji wa hadithi uliohamia mbele ya skrini. Kule Wakaliga, Kampala, filamu ya Isaac Nabwana ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, imezunguka dunia ikiwa na sauti ya msimulizi, VJ Emmie, ndani yake. Wazungu wameicheka na kuipenda kwa sababu ya sauti hiyo. Sisi sauti kama hiyo tunaiita kelele za vijana wasio na kazi.

Najua hoja za upande wa pili, na baadhi ni za kweli. Vibanda vingi huonyesha filamu bila haki. Watoto hutoroka shule. Mlango ni mmoja, na moto ukizuka ni msiba. Wanawake hawaendi, na kwangu hiyo ndiyo aibu kubwa kuliko zote, kwa kuwa majumba ya miaka ya 1950 yaliwapa siku yao.

Lakini dawa inayotolewa ni ipi? Ni kufukuza. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka vibali. Sawa, lakini kwa mwenye kibanda, serikali huonekana siku ya msako tu. Mtu ambaye kesho anaweza kubomolewa hatoboi mlango wa pili leo. Tunamnyima uhakika, halafu tunamlaumu kwa kuishi kama mtu asiye na uhakika.

Anayeumia zaidi ni mtengeneza filamu wetu. Bongo Movie ilikua kwa kuuzwa kwenye DVD, watu wakaitazama majumbani, na soko la DVD lilipokufa ikabaki haina pa kwenda. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilifanywa filamu na Amil Shivji, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021. Hadithi ya Unguja, kwa Kiswahili. Mtaani kwetu sijawahi kuona jina lake kwenye ubao wa chaki. Filamu inayopigiwa makofi ugenini na isiyobishaniwa na wenye lugha yake imefika nusu ya safari.

Kwa hiyo napendekeza mambo ya kawaida kabisa. Kibali kimoja cha bei ndogo kitolewe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kwa masharti yanayotekelezeka: milango miwili, hewa, watoto mwisho saa kumi na mbili jioni. Mpira uendelee kulipa kodi ya pango, na usiku usio na mechi uwe wa filamu za nyumbani, mapato ya mlangoni yagawanywe kati ya mwenye kibanda na mwenye filamu. Jumamosi mchana iwe ya kina mama na mabinti, kama ilivyokuwa zanana.

Majestic ya Unguja imekaa miaka mingi bila paa, na wanaopigania kuikarabati nawaombea heri. Ila wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Fedha za wafadhili zitakuja na kuondoka. Kibanda hakikusubiri mfadhili, na leo usiku kitajaa. Wewe unayeandika andiko la kuomba ruzuku ya kituo cha sanaa cha jamii, toa kwanza shilingi 500, ukae kwenye benchi. Kisha uliza mabenchi mengine kumi yanagharimu kiasi gani.