Nyumba ya Kupanga na Moshi wa Jirani

Katika mitaa ya Rwezamenyo, mjini Kigali, nyumba nyingi za kupanga hufanana. Ni safu ya vyumba inayozunguka ua mdogo wa saruji, lango moja, bomba moja la maji, choo kimoja au viwili, na kamba za kuanikia nguo zinazokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Wenyeji huuita ua huo gipangu. Vyumba hutenganishwa kwa kuta za matofali, lakini mara nyingi kuta hizo hukoma kabla ya kufika kwenye paa, na pasipo na dari nafasi iliyobaki huwa wazi. Kwa nafasi hiyo hupita mlio wa redio, harufu ya vitunguu, kikohozi cha usiku, na ugomvi wa mume na mke ambao kesho yake kila mtu hujifanya hakuusikia. Hupita pia moshi wa sigara.

Hebu ichukuliwe nyumba moja ya namna hiyo. Chumba cha mwisho anakaa mzee aliyekuwa dereva wa malori ya masafa marefu, ambaye tangu ujana wake aliizoea njia ya Dar es Salaam hadi Kigali kupitia Rusumo. Sigara alijifunzia barabarani, kwa kuwa safari za usiku ni ndefu na usingizi ni adui wa dereva kama ulivyo adui wa askari wa lindo. Sasa amestaafu, mkewe amefariki, wanawe wametawanyika. Huvuta saa nne usiku kabla ya kulala, na tena alfajiri. Chumba kinachofuata anakaa mke wa askari polisi pamoja na mtoto wao wa miezi saba. Mume yuko kazini wilaya nyingine na hurudi mara mbili kwa mwezi. Mtoto anakohoa, na mara mbili amepelekwa kwa mganga kifua kikimpiga filimbi.

Asubuhi moja mama huyo alimwendea mzee, akamsalimu kwa heshima, kisha akasema, "Mzee wangu, unisamehe kwa nitakalosema. Ule moshi wa usiku unamfikia mtoto."

Mzee hakukasirika. "Binti yangu, navuta ndani ya chumba changu na mlango nimefunga. Kodi nalipa kama unavyolipa wewe. Sasa nikatazwe hata humo, niende kuvutia wapi?" Mama alipokaa kimya, mzee alitazama kizingiti cha jirani yake, palipokuwa na jiko la mkaa likikolea, akaongeza, "Na hilo jiko, moshi wake unakwenda wapi?"

Swali hilo la mwisho halistahili kupuuzwa. Lakini kwanza yafaa ijulikane sheria inafika wapi na inaishia wapi.

Rwanda iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005, na tarehe 1 Machi 2013 ikatunga Sheria Na. 08/2013 inayokataza kuvuta sigara mahali pa umma. Mwezi Desemba 2017 shisha nayo ilipigwa marufuku nchini kote, jambo lililowagusa moja kwa moja vijana wa Nyamirambo na vitongoji vyake waliokuwa wameizoea katika mikahawa. Chumba cha kulala cha mtu, hata hivyo, si mkahawa wala kituo cha basi. Katiba ya Rwanda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2015, inatamka katika Ibara ya 22 kwamba kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 23 inayofuata inalinda faragha ya mtu, ya jamaa yake na ya makazi yake. Mama ana ibara yake, mzee naye ana yake, na ukuta unaowatenganisha haufiki juu.

Nchi jirani ya Uganda ililipata swali la namna hii mapema. Mwezi Desemba 2002 Mahakama Kuu ya Kampala iliamua kwamba kuvuta sigara mahali pa umma kunavunja haki ya wasiovuta ya kuishi katika mazingira safi. Hukumu hiyo ilihusu mahali pa umma tu, wala haikuingia vyumbani mwa watu. Hata hivyo msingi wake una uzito kwa wapangaji: uhuru wa mvutaji ulipimwa kwa mapafu ya mtu aliye karibu naye.

Na mapafu hayo yamechunguzwa vya kutosha. Mwaka 1981 daktari wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alitangaza matokeo ya uchunguzi wa miaka 14 juu ya wanawake 91,540 waliokuwa na waume na wasiovuta sigara. Ilionekana kwamba wake za wanaume waliovuta sana walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wake za wanaume wasiovuta. Makampuni ya tumbaku yaliyapinga matokeo hayo kwa nguvu zote, lakini uchunguzi mwingine mwingi uliofuata uliyaunga mkono. Mwaka 2006 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa taarifa kwamba hakuna kiasi cha moshi wa sigara ya mwenzio kisicho na hatari, na kwamba kufungua madirisha au kutenga vyumba ndani ya jengo moja hakuuondoi. Mtoto mchanga huumia zaidi kwa sababu anavuta pumzi haraka kuliko mtu mzima, na njia zake za hewa ni nyembamba. Moshi huo humletea maradhi ya kifua, pumu na maumivu ya masikio. Kwa hiyo mzee aliposema kwamba mlango ameufunga, alisema kweli, ila moshi ukiwa na joto hupanda, na huko juu hakuna mlango.

Sasa lirudiwe lile jiko. Katika nyumba nyingi za Kigali mkaa hukolezwa nje au kizingitini, na mvua ikinyesha jiko huingizwa ndani. Watu hudhani kwamba mkaa uliokolea hauna madhara kwa kuwa hautoi moshi unaoonekana. Ukweli ni kwamba hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo katika chumba kilichofungwa huweza kuua watu wakiwa usingizini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu itokanayo na kupikia kwa kuni, mkaa na nishati kama hizo ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Mama anayemlaumu mzee kwa sigara mbili za usiku, huku jiko likiwa hatua moja kutoka kitandani kwa mtoto, ana haki ya kulalamika, lakini ana kazi ya kufanya kwake pia. Aghalabu mabishano ya sigara katika nyumba za kupanga huharibika hapa, maana kila upande huona moshi wa mwenzake tu.

Ipo tofauti moja ambayo mzee hakuitaja. Jiko hupika chakula cha mtoto, na mwenye kipato kidogo hawezi kuliacha leo kwa leo. Sigara haipiki kitu. Lakini si haki kuizungumzia kana kwamba ni ukaidi mtupu. Nikotini humfunga mtu, na wengi walifungwa nayo wakiwa kazini. Katika vita vikuu vya dunia majeshi mengi yaliwagawia askari sigara pamoja na chakula, na jeshi la Marekani liliendelea kuzitia katika paketi za chakula cha askari hadi mwaka 1975. Mtu aliyevuta kwa miaka 40 ili abaki macho hawezi kuacha kwa kusomewa tangazo.

Na tangazo ndilo lililofuata. Mama mwenye nyumba, baada ya kusikia malalamiko, alibandika karatasi langoni: "Ni marufuku kuvuta sigara katika nyumba hii." Mzee aliisoma alipokuwa akirudi dukani. Kwa siku tatu hakumsalimu mtu. Alikuwa amekaa humo miaka tisa, na siku alipoingia hakuambiwa sharti hilo.

Hapo mwenye nyumba alikosea, ingawa nia yake ilikuwa njema. Sharti linalotajwa kabla mpangaji hajalipa kodi ya kwanza ni makubaliano, kwani asiyelitaka hutafuta kwingine. Sharti linaloangushwa katikati ya upangaji, bila mazungumzo, hufanana na notisi ya kumhamisha mtu. Marekani ilikutana na shida hii kwa kipimo kikubwa. Serikali yake iliamuru kwamba ifikapo tarehe 30 Julai 2018 nyumba zote za umma za kupangisha, zaidi ya 900,000, ziwe hazivutiwi sigara ndani, vyumba vya wapangaji vikiwamo, wala katika futi 25 kutoka kwenye majengo. Wavutaji walikwenda mahakamani wakidai uhuru wa nyumbani, wakashindwa. Hata hivyo lilibaki lalamiko lenye maana: amri hiyo ilimhusu maskini anayekaa nyumba ya serikali, ilhali tajiri mwenye nyumba yake alivuta apendavyo, na mzee asiyeweza kutembea alitakiwa ashuke ngazi wakati wa baridi. Singapore ilichagua njia nyingine mwaka 2013. Ilikataza sigara katika ngazi na baraza za majengo ya makazi, mahali ambapo wote hupita, lakini ndani ya mlango wa mtu haikuingia.

Kwa askari na polisi wanaokaa kota za kazi mambo ni mepesi kidogo. Nyumba ni ya kazi, na anayepewa huipokea pamoja na masharti yake. Lakini amri humfunga askari. Haijulikani itamfunga vipi mama mkwe aliyekuja kutoka kijijini kumwona mjukuu, akiwa na kiko chake kiunoni kama walivyozoea vikongwe wengi wa Rwanda, wala haijulikani ni nani katika nyumba hiyo atakayekuwa na ujasiri wa kumwambia atoke nje.

Katika gipangu kile karatasi haikukaa sana. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya kazi za umuganda, wapangaji walipokuwa bado wameshika majembe, mkuu wa umudugudu alimwomba mama mwenye nyumba aitoe ili watu wazungumze. Mume wa yule mama alikuwa amekuja mapumziko. Wengi walitazamia aseme kwa sauti ya kituoni. Badala yake alimletea mzee kiti, akasema, "Baba, mimi nikiwa kazini wewe ndiwe mwanaume uliye karibu na mtoto wangu usiku." Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akasema hatavuta tena chumbani, ila asilazimishwe kusimama barabarani kama mwizi.

Wakakubaliana avutie pembeni mwa lango, mbali na milango na kamba za nguo. Mwenye nyumba aliahidi kuziba kwa mbao ile nafasi juu ya kuta, kazi ambayo wapangaji walikuwa wakiiomba tangu zamani kwa sababu ya kelele. Jiko la mama nalo likahamishiwa ukuta wa mbali, naye akaonywa na jirani mwenzake asiliingize tena ndani, hata mvua ikinyesha.

Mwezi wa kwanza mzee alipunguza sigara bila kukusudia, kwa kuwa kutoka nje kwenye baridi ya alfajiri kunachosha. Mtoto anakohoa bado, lakini amelala usiku mzima mara kadhaa. Kisha zikaja mvua za Aprili, na mahali pa lango hapana paa, wala mahali pa jiko. Mwenye nyumba ametoa bati mbili alizokuwa amezihifadhi. Misumari amenunua mzee. Zinahitajika bati nne, na wapangaji hawajaafikiana nani atanunua mbili zilizobaki.