Hakuna Damu ya Biashara

Kuna usemi tumeurudia mpaka umekuwa kama methali: Mwafrika hajui biashara, biashara ni ya Mhindi na Mwarabu, wao imo kwenye damu. Utausikia kila genge linapofungwa, kila duka la kijana linapofilisika kabla ya kutimiza mwaka. Wazee husema kwa masikitiko, wasomi husema kwa uhakika. Mimi nasema ni uongo, tena uongo wenye madhara, maana unamfundisha mtoto wetu kwamba ameshindwa kabla hajafungua mlango.

Tuanze na mnunuzi wa karne ya 19, yule tunayeambiwa alidanganywa kwa shanga. Mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipokuwa Unguja akijiandaa kumtafuta mmisionari Livingstone, ilimbidi kwanza aulizie ni shanga zipi zinatakiwa wapi. Nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, kwingine hazikuwa na thamani. Nyeupe zilipokelewa Ufipa, zikadharauliwa Ukonongo. Unyamwezi walitaka nyekundu, zile zilizoitwa sami-sami. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulikuwa umebeba njaa. Anayemlazimisha muuzaji kujifunza matakwa yake kijiji kwa kijiji si mtu wa kudanganywa. Ni mteja anayejua anachotaka, na soko linamsikiliza.

Na wauzaji je? Wanyamwezi walikuwa wameshafika pwani na pembe zao za ndovu mnamo mwaka 1800, kabla misafara ya pwani haijazoea njia ya Tabora. Wakamba waliteremsha pembe hadi Mombasa, na jina la Kivoi, kiongozi wao aliyefariki mwaka 1851, lilijulikana huko kwa biashara hiyo. Chumvi ya Uvinza ilitengenezwa na kusambazwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Majembe yaliyofuliwa na Wasumbwa na Wazinza yaliuzwa mbali na tanuri zilikoyeyushiwa chuma chake. Hao wote damu yao ilikuwa ipi?

Sasa twende kwenye duka la enzi ya ukoloni, maana hapo ndipo usemi huu ulipozaliwa. Ni chumba cha bati kando ya reli au kwenye njia panda, na fundi cherehani barazani. Ndani kuna vitambaa vya merikani na kaniki, kanga, sukari, chumvi, sabuni, viberiti, majembe ya kutoka Ulaya na mafuta ya taa. Mafuta yalikuja kwenye debe, na debe lilipobaki tupu likawa kipimo. Mpaka leo mahindi tunayauza kwa debe. Mkulima alikuja na pamba, ngozi au ufuta, akaondoka na senti za kodi ya kibanda na dhiraa mbili za kitambaa. Nyuma ya kaunta alikaa Mhindi. Babu zetu waliiona picha hiyo kila siku, wakahitimisha kwamba ndivyo Mungu alivyopanga.

Lakini kaunta ile haikusimama kwa damu. Ilisimama kwa mali kauli. Nyumba kubwa za biashara za Unguja, Mombasa na Bombay zilimpa mwenye duka bidhaa bila fedha mkononi, naye akalipa mavuno yakiuzwa. Allidina Visram aliwasili akiwa kijana mdogo asiye na mtaji, akaanzia Bagamoyo chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri wa misafara. Kufikia kifo chake mwaka 1916 alikuwa na maduka mpaka Uganda. Alikuwa hodari, sikatai. Ila uhodari wake ulipata mtu wa kumkopesha.

Mwafrika hodari alipata nini? Alipata sheria. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza Tanganyika ilipitisha sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Asiye mwenyeji akimkopesha Mwafrika, hakuweza kudai deni lake mahakamani isipokuwa mkopo uwe umeidhinishwa kwa maandishi na ofisa wa serikali. Fikiria maana yake. Mwenye ghala Dar es Salaam alimpa Mhindi wa Singida marobota kumi ya kitambaa kwa kauli, kwa kuwa akikataa kulipa kuna hakimu. Mnyaturu wa Singida hiyohiyo, hata angekuwa mwaminifu kuliko wote, alitakiwa kulipa taslimu. Mwaka uleule sheria ya ardhi ikatangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya gavana, na mkulima akabaki na shamba la mababu lisilo na hati ya kuweka rehani. Mlango wa mbele ukafungwa, wa nyuma nao ukafungwa, kisha akaulizwa kwa nini haingii.

Watetezi wa sheria ile walisema inamlinda mwenyeji asizame kwenye madeni. Hatari ya madeni ilikuwepo kweli. Lakini anayekulinda na mkopo mbaya hukuonyesha mkopo mzuri. Kumwacha mtu bila mkopo wowote ni kumfunga miguu.

Usemi huu unamkosea Mhindi pia. Nchini Kenya, nyanda za juu zenye rutuba zilitengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu, na Waraka wa Devonshire, wa mwaka huohuo 1923, ukathibitisha kwamba Waasia hawatapewa ardhi huko. Mtu aliyenyimwa shamba akaenda dukani, nasi tukasema amezaliwa na duka.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni kilichotokea pale mlango ulipoachwa wazi hata kidogo. Wachaga wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, walowezi wakipiga kelele, na kutoka humo kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Usukumani, wakulima wa pamba walichoka kuibiwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakaweka wapimaji wao wenyewe, wakajenga vyama vya msingi, na mwaka 1955, Paul Bomani akiwa mbele, wakaviunganisha kuwa shirikisho la Victoria. Kujua kwamba faida inavujia kwenye mizani, kisha kuiziba, ndiyo biashara yenyewe. Watu hao walikuwa wakulima wa jembe la mkono.

Najua mtu ataniambia: ukoloni umeisha zaidi ya miaka sitini, tuache visingizio. Nakubaliana naye kuhusu visingizio. Ndiyo maana nataka tuache hiki kikubwa kuliko vyote, kisingizio cha damu. Ukiamini tatizo limo kwenye damu, huna haja ya kutazama masharti ya mkopo, wala hati ya shamba, wala mizani ya mnunuzi wa korosho. Unakunja mikono. Ukijua kwamba tatizo lilitungwa kwa kalamu mwaka 1923, unajua pia kwamba kalamu inaweza kulitatua.

Mama anayeuza vitumbua asubuhi ananunua unga, sukari na mafuta kwa hesabu iliyomo kichwani, anajua mteja gani atalipa mwisho wa mwezi na yupi asikopeshwe. Yeye ndiye mrithi wa Mnyamwezi aliyejua bei ya pembe kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Anachokosa ni mtu wa kumpa mifuko mitatu ya unga kwa kauli. Siku duka lake likifungwa, tusimwambie habari za damu. Tumuulize nani alikataa kumkopesha, na kwa sharti gani.