Bahari Inapokula Pwani, Nani Shahidi?

Siku hizi hakuna ugomvi wa ufukweni usiokuja na picha. Mwenye kiwanja anayejenga ukuta hutoa yake, kuonyesha kwamba bahari imemfikia mlangoni. Wavuvi nao hutoa yao, kuonyesha kwamba bahari i mbali na kwamba ukuta huo ndio uliowaziba njia ya kwendea vyombo vyao. Picha zote mbili ni za kweli, na zote mbili, kwa maoni yangu, hazithibitishi kitu.

Sababu yake kila mtu wa mwambao aijua, ila huisahau akishika simu. Hapa Mombasa, siku za bamvua, maji hujaa kiasi cha saa kumi, na kiasi cha saa nne huwa yamekupwa. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, saa nne hiyo hiyo ndipo yanapojaa. Tena bamvua kubwa hupanda na kushuka karibu mita 4, hali maji mafu hayazidi sana mita 1. Basi watu wawili huweza kusimama pahali pamoja, saa ile ile, kwa tofauti ya siku saba tu, wakapiga picha za bahari mbili.

Hapo ndipo zinapofaa hizi kamera ndogo za kufunga kifuani, ambazo vijana wetu huzitumia kwa michezo ya majini. Nick Woodman, Mmarekani mpanda mawimbi, alianzisha kampuni ya GoPro mwaka 2002, na kamera yake ya kwanza ilitoka mwaka 2004, ikitumia filamu. Za leo hujipigia zenyewe picha kila baada ya muda uliopangwa, kisha huziunganisha ziwe sinema fupi. Panga picha moja kila sekunde 10, toka maji yalipokupwa hata yajae, kiasi cha saa 6, nawe utapata picha 2,160. Zikipita 30 kwa sekunde, mambo ya nusu siku utayaona kwa sekunde 72. Utaona maji yalikofika, na utaona jambo ambalo jicho hulipuuza: jinsi wimbi linavyogonga ukuta, likarudi, likachota mchanga wa chini yake.

Lakini sinema ya siku moja haisemi kama pwani inaliwa. Mchanga nao una misimu yake. Ufuko uliokonda wakati wa kusi huenda ukanenepa tena kwa kaskazi. Anayetaka ushahidi sharti apige mwaka mzima, pahali pale pale. Australia wamelitambua hilo. Mwaka 2017, katika fuko za Manly na North Narrabeen mjini Sydney, ulianzishwa mpango wa CoastSnap: kishikio cha chuma kimekazwa mahali, na kila mpita njia huweka simu yake hapo na kupiga. Mikono ni mingi, jicho ni moja.

Sisi tunacho kitu kingine cha kutusaidia, nacho ni kalenda yetu ya mwezi. Bamvua haifuati Januari wala Februari. Hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mtu akipiga tarehe 2 na tarehe 16 za kila mwezi wa Kiislamu, maji yanapojaa, atakuwa akilinganisha bamvua na bamvua. Wazee wetu wa baharini hawahitaji kufundishwa hili. Wao ndio wa kuulizwa kamera ifungwe wapi.

Ama kuhusu ufundi, ni mdogo lakini una hila zake. Lenzi ya kamera hizi ni pana, hupinda upeo wa bahari kama upinde, na ukuta ulio pembeni nao hupindika. Chagua mpango unaonyoosha mistari, la sivyo mpinzani wako atakucheka. Funga mwanga usijibadilishe kila wingu likipita. Betri moja haimalizi saa 6, na ukiunganisha waya wa umeme wa nje, kile kifuniko cha kuzuia maji huwa wazi, kwa hivyo weka mbali na rasharasha. Chumvi futa kwa maji baridi kabla ya kitambaa. Nayo saa ya kamera irekebishwe, kwani picha isiyo na tarehe ya kweli haifai kitu.

Liko pia suala la sitara. Ufukweni huoga watu, na kina mama hukaa na watoto wao. Kamera isiyo na mtu nyuma yake humpiga kila apitaye. Ielekezwe kwenye ukuta na mawimbi, juu ya njia ya watu, na majirani waambiwe mapema.

Mbele ya Fort Jesus, iliyotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2011, ukuta wa kuzuia mawimbi ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 2010, na ukazusha maneno mengi. Mashauri kama hayo yatazidi, kwa kuwa viwanja vya pwani huzunguka alama ya maji kujaa, na bahari inapanda. Wanakijiji wanaosikia kwamba ukuta unakuja kwao hawana haja ya kungoja mawe yashushwe. Nguzo moja, kamera moja, na nakala za picha zikae kwa kamati ya wavuvi, nyingine kwa mwenye kiwanja mwenyewe, ili siku ya kikao wote wawe wanatazama bahari moja.